Shajara ya mradi: sauti ya M17 kupitia redio ya zamani ya FM

3 Mei. Ninachotaka

Nataka kuongea kwa sauti ya kidijitali kwenye bendi ya mita 2 ya redio ya ridhaa (kuanzia megahezi 144) bila kununua redio mpya, na nataka kila kinachofanyika kati ya mdomo wangu na antena niweze kukifungua na kukisoma. Sharti la pili ndilo linaloondoa karibu kila kitu kilichoko sokoni. D-STAR iliyotoka kwa chama cha redio ya ridhaa cha Japani, redio za DMR, na System Fusion ya Yaesu, zote zinabana sauti kwa kodeki (mbinu za kugeuza sauti kuwa biti chache) za ukoo wa AMBE, mali ya kampuni ya Marekani ya Digital Voice Systems. Njia ya kawaida ya kuipata ni kununua chipu yao, au kijiti cha USB chenye chipu hiyo ndani. Sauti inaingia, biti zinatoka, katikati hujui kitu. Sina ugomvi na wanaoitumia, na inafanya kazi vizuri. Ila mimi kwenye redio niliingia kwa ajili ya bisibisi zaidi ya maongezi.

Ndiyo maana nimeangukia M17, mfumo huria wa sauti ya kidijitali kwa redio ya ridhaa. Ilianza 2019 kwa Wojciech Kaczmarski wa Poland, na jina lake ni anwani tu ya klabu yao jijini Warsaw, Mokotowska namba 17. Kodeki yake ni Codec2 ya David Rowe wa Australia. Msimbo wake wote uko wazi, na maelezo ya kila biti ya M17 inayorushwa hewani yamechapishwa bila kificho.

Mezani kuna redio ya gari ya FM ya mkono wa pili, usoni imechoka lakini mgongoni ina tundu la data la pini 6. Kuna Raspberry Pi (kompyuta ndogo), kadi ya sauti ya USB ya bei ya chini kutoka Kariakoo, RTL-SDR (kipokezi cha USB) ya kusikilizia, osiloskopu ya kuazima ya kuonea umbo la mawimbi, na mzigo bandia wa omu 50 wa kufunga badala ya antena ili majaribio yasitoke nje ya chumba. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ipo na haijaisha muda. Asiye nayo bado anaweza kufanya sehemu yote ya msimbo kwa faili tupu, bila kuwasha redio.

10 Mei. Bajeti ya milisekunde 40

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu nimekaa na karatasi. Sauti ya maikrofoni inachukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 16, jumla biti 128,000 kwa sekunde. Codec2 kwa kiwango cha 3200 inazishusha mara 40. Kila milisekunde 20 inaisikiliza sauti na kuieleza kwa biti 64: 50 za umbo la koo na kinywa, 7 za kimo cha sauti (nyembamba au nzito), 5 za nguvu, na 2 za kusema kama koo linatetemeka au ni pumzi tu. Mpokeaji anasoma maelezo hayo na kuijenga sauti upya kwa kujumlisha mawimbi ya sine.

Nimeijaribu kodeki peke yake, kutoka faili hadi faili, nikisoma namba na majina ya mitaa. Mbagala, Tandale, Ng'ambo, zote zimepita. Sinza ilitoka karibu iwe Finza, kwa sababu makali ya "s" yako juu ya kilohezi 4, na kwa sampuli 8,000 hakuna kinachosikika juu ya hapo. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilikuwa na kasoro hiyohiyo, masikio yakazoea kujazia. Muziki unaharibika kabisa. Feni ya chumbani nayo inaingia kwenye hesabu: kodeki inahangaika kuieleza kana kwamba kuna mtu anaongea. Nimelazimika kuizima wakati wa kurekodi, na Dar haijapoa kiasi cha kuzima feni kwa hiari.

Sasa bajeti yenyewe. Fremu moja ya M17 ina urefu wa milisekunde 40, kwa hiyo inabeba vipande viwili vya sauti, biti 128. Ongeza namba ya fremu, biti 16, inakuwa 144. Ongeza sifuri 4 za kusafishia kisimbaji, 148. Kisimbaji cha kurekebisha makosa kinatoa biti mbili kwa kila moja iliyoingia, 296. Katika kila 12 moja inatupwa makusudi, zinaondoka 24, zinabaki 272. Kuna biti 96 za taarifa za mazungumzo: anayeongea ni nani, anamwita nani, aina ya kinachorushwa. Jumla 368. Mbele ya zote kuna neno la kulinganishia la biti 16, linalomwonyesha mpokeaji fremu inaanzia wapi, tunafika 384. Hewani zinakwenda kama alama, kila moja ni kiwango kimoja kati ya vinne vya wimbi na inabeba biti 2, hivyo ni alama 192, na alama 4,800 kwa sekunde mara sekunde 0.04 ni 192 kamili. Nimeijumlisha tena kwa raha tu.

Zile biti 96 nimezipenda kuliko zote. Taarifa za mazungumzo ni biti 240, na hazirushwi mwanzoni pekee. Zimekatwa vipande 6, kila fremu inabeba kimoja pamoja na namba yake, kimefungwa kwa msimbo wa kurekebisha makosa wa Golay unaogeuza biti 12 kuwa 24. Baada ya fremu 6, yaani milisekunde 240, taarifa nzima imepita tena. Anayewasha redio katikati ya mazungumzo anapata ishara ya mwito ya anayeongea, yaani jina la kituo chake, ndani ya robo sekunde. Kwenye FM angesubiri hadi mwenzie akumbuke kujitaja.

17 Mei. Msimbo wa kurushia

Nimeandika kirushio kwa Python kwanza, kwa kuwa hapa nahitaji kuona, kasi itakuja baadaye. Ishara ya mwito inageuzwa kuwa namba kwa kuhesabu kwa msingi wa 40: nafasi tupu ni 0, A ni 1, Z ni 26, tarakimu 0 hadi 9 ni 27 hadi 36, halafu kistari, mkwaju na nukta. Herufi 9 zinatosha ndani ya biti 48.

Baada ya kusimba, biti zinatawanywa. Biti namba x inakwenda nafasi ya 45x + 92x², ukigawa kwa 368 na kuchukua baki. Biti 0 inabaki 0, biti 1 inaruka hadi 137, biti 2 inakwenda 90, biti 3 inakwenda 227. Mpasuko wa kelele ukila alama kadhaa mfululizo hewani, kwa mpokeaji makosa hayo yanatapakaa mbalimbali, na kirekebishaji kinayamudu moja moja. Kisha biti zote zinachanganywa na mfuatano maalumu wa nasibu. Hili la mwisho nililiona la kupamba tu nilipolisoma. Kwenye ingizo la tarehe 7 Juni linalipa deni lake.

Halafu alama. Jozi 01 ni +3, 00 ni +1, 10 ni −1, 11 ni −3. Kila alama inapanuliwa kuwa sampuli 10 ili ifike sampuli 48,000 kwa sekunde ambazo kadi ya sauti inazielewa, na inapitishwa kwenye kichujio cha kosini iliyoinuliwa, kile cha mzizi wa pili, chenye kigezo cha 0.5. Nusu ya kichujio iko kwa mrushaji, nusu kwa mpokeaji. Ukizijumlisha mbili, alama jirani haziingiliani pale zinapopimwa.

Faili nimeipeleka moja kwa moja kwenye m17-demod, programu huria ya kusimbua, bila redio yoyote. Ishara yangu ya mwito imetokea kwenye skrini na sauti yangu imesikika ikisema "moja, mbili, tatu". Upande wa hesabu umekwisha, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kuanzia hapa yote ni waya.

24 Mei. Kwa nini si tundu la maikrofoni

Rafiki yangu fundi redio ameuliza swali ambalo wengi watauliza: "Kaka, kwa nini usiingize sauti kwa maikrofoni tu, kama tunavyofanya na APRS?" (APRS ni njia ya kurusha mahali ulipo na ujumbe mfupi kama data.) Jibu liko kwenye upana. Alama 4,800 kwa sekunde na kichujio cha 0.5 zinatoa wimbi linaloanzia karibu na hezi 0 hadi hezi 3,600. Njia ya maikrofoni ya redio ya FM inapitisha kama hezi 300 hadi 3,000. Isitoshe inakweza sauti nyembamba desibeli 6 kwa kila masafa yanapoongezeka mara mbili, na mwishoni ina kikata vilele ili mtu akipiga kelele asivuke chaneli. APRS ya biti 1,200 ni toni mbili, hezi 1,200 na 2,200, zote ndani ya mlango huo. Zinapita bila kujeruhiwa.

Nimemwonyesha badala ya kubishana. Kirushio kwenye mzigo bandia, RTL-SDR pembeni, na mchoro wa jicho kwenye skrini, yaani vipande vya alama vimelaliana ili uone viwango vinne na nafasi zilizo wazi kati yake. Kwa maikrofoni hapakuwa na jicho, palikuwa na ukungu. Kwa pini namba 1 ya tundu la data, redio ikiwa kwenye hali ya 9600 (ya data ya biti 9,600 kwa sekunde), viwango vinne vilianza kuonekana, vimejipinda lakini vipo. Pini hiyo inaruka vikuzaji vyote vya sauti na kwenda karibu kabisa na kisisimshi cha masafa, sakiti inayozalisha wimbi la redio. Pini ya 2 ni ardhi, ya 3 ni PTT (ya kuwasha urushaji), ya 4 inatoa sauti ghafi kabla haijapunguzwa makali, na ndiyo nitakayoitumia siku ya kupokea kwa redio hiihii.

31 Mei. Kupima mchepuko bila mita ya mchepuko

M17 inataka alama ya +3 ilisogeze wimbi bebaji, yaani wimbi lenyewe la redio, kilohezi 2.4 juu ya katikati, +1 kilohezi 0.8, na upande wa chini vivyo hivyo. Kusogea huko ndiko mchepuko. Ukizidisha unamwagikia chaneli ya jirani, na kichujio cha mpokeaji kinakukata ncha. Ukipunguza, viwango vinne vinasogeleana na kelele kidogo tu inavichanganya. Potensiometa iliyo kati ya kadi ya sauti na redio ndiyo inayoamua, na kuizungusha kwa kusikiliza tu ni kubahatisha, kwa sababu mlio wa M17 kwenye spika ya FM ni mchakacho mtupu, uwe sahihi au uwe mbovu.

Mita ya mchepuko sina na ya kuazima haikupatikana. Kuna mbinu ya zamani inayotegemea hesabu za Bessel. Ukirusha toni moja safi kwa FM, kwenye picha ya masafa unaona wimbi bebaji katikati na matawi pande zote mbili. Kadiri mchepuko unavyokua, wimbi la katikati linapungua, na linapotea kabisa kwa mara ya kwanza pale mchepuko unapofika mara 2.405 ya masafa ya toni. Gawa 2,400 kwa 2.405, unapata hezi 998. Kwa hiyo toni ya hezi 998, yenye kilele sawa na kiwango cha +3 ndani ya programu, italifuta wimbi la katikati pale hasa ninapopataka.

Nimefanya hivyo usiku, madirisha yamefungwa. Redio kwenye watti 5 ndani ya mzigo bandia, RTL-SDR hatua chache pembeni na antena yake imeondolewa, kinachovuja kinatosha. Picha ya masafa nimeivuta karibu hadi kilohezi 10 tu zionekane. Mwanzoni katikati pana mstari mrefu na matawi mafupi. Nikazungusha potensiometa kwa bisibisi ya plastiki, taratibu. Mstari wa katikati ukaanza kuzama, matawi ya kwanza yakausimamia juu, halafu kwa robo ya robo ya mzunguko ukadidimia ndani ya kelele. Nikavuka kidogo, ukachomoza tena. Nikarudi. Ukibaki kwenye bonde hilo umefika, na bonde lenyewe ni jembamba kiasi kwamba pumzi ya bisibisi inatosha kukutoa.

Kiwango cha +3 ndani ya programu nimekiweka karibu nusu ya uwezo wa kadi ya sauti. Wimbi likishapita kwenye kichujio lina vilele vinavyozidi +3, na vikigonga dari ya kadi vinakatwa bila huruma.

1 Juni. Redio inasema kinyume

Mchepuko uko sawa, jicho liko wazi, na m17-demod haioni kitu. Nimeandika kitafuta neno cha haraka kwa Python kuona nini kinaendelea, na kilichochapishwa kimenichekesha: kila milisekunde 40, mazungumzo mapya yanaanza. Hayaendelei kamwe, yanaanza tu.

Maelezo yako kwenye maneno ya kulinganishia. Fremu ya kufungulia mazungumzo ina neno 0x55F7 (namba kwa msingi wa 16). Ligeuze kuwa alama: +3 +3 +3 +3 −3 −3 +3 −3. Fremu za sauti zina 0xFF5D: −3 −3 −3 −3 +3 +3 −3 +3. La pili ni la kwanza limegeuzwa ishara, alama kwa alama. Ubunifu huo ni wa makusudi, kigunduzi kimoja kinayatafuta yote mawili kwa kuangalia tu kama jibu ni chanya au hasi. Lakini ukiwa na kifaa kinachogeuza chanya kuwa hasi njiani, ufunguzi unaonekana ni sauti, na kila fremu ya sauti inaonekana ni ufunguzi mpya, ambao hundi yake ya makosa inashindwa kila mara.

Swali likawa nani anageuza, kadi au redio. Nimetuma mapigo membamba ya upande wa juu yenye mapengo marefu katikati, ili juu na chini visifanane. Osiloskopu kwenye waya wa kadi: mapigo yanatazama juu. Picha ya masafa hewani: yanatazama chini. Basi ni redio, na si ajabu, inategemea kisisimshi kimefungwaje upande wa diodi yake ya varakta, ile inayobadili masafa kwa volti. Nimezidisha kila sampuli kwa −1 na sauti ikasikika papo hapo. Nitaiacha iwe swichi kwenye faili ya mipangilio, maana redio nyingine itakuwa na tabia yake.

7 Juni. Chini kabisa ya masafa

Sauti inapatikana lakini makosa ni mengi kwa kirushio kilicho umbali wa hatua mbili. Hapa ndipo muda mwingi umekwenda.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita ya kutokea kwenye kadi ya sauti, mikrofaradi 1. Potensiometa yangu ni kilo-omu 1. Viwili hivyo kwa pamoja vinazuia kila kitu kilicho chini ya hezi 159 hivi, na mimi nahitaji kukaribia sifuri. Nimeitoa kapasita, ambayo haifiki milimita 2, kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba na kibano cha nyusi, nikaweka ya mikrofaradi 47. Mpaka umeshuka hadi hezi 3.4. Transfoma ndogo ya kutenganisha ardhi, ambayo wengi tunaiweka kwa mazoea kwenye mambo ya data ili kuondoa mvumo, nimeiondoa pia, kwa sababu inakula masafa ya chini kwa njia yake. Mvumo nimeupunguza kwa kuilisha Raspberry Pi na redio kutoka chanzo kimoja cha umeme.

Mtuhumiwa wa pili yuko ndani ya redio na hatoki. Nimetuma wimbi la mraba la hezi 20. Kwenye osiloskopu, mapaa yamenyooka. Hewani, kila paa linateleza kurudi katikati. Hiyo ni kazi ya PLL, mzunguko wa umeme unaoshikilia masafa ya redio: imewekwa kulinda masafa yasihame, nami naingiza badiliko la polepole, basi yenyewe inaliona ni kuhama na kulirekebisha. Redio zilizoundwa kwa ajili ya data huingiza wimbi sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye kisisimshi na kwenye rejeo la PLL, ili mzunguko usipambane nalo. Yangu haina hiyo, na kuikata bodi yake sitaki.

Kinachoniokoa ni ule mfuatano wa nasibu wa tarehe 17. Bila huo, mtu akinyamaza kodeki inatoa biti zinazofanana fremu hadi fremu, alama za upande mmoja zinaweza kurundikana, na PLL inapata nafasi ya kuzivuta. Ukishazichanganya, juu na chini vinapishana haraka na PLL haina cha kushika. Pakiti za 9600 za G3RUH, mfumo wa data wa wanaridhaa uliobeba ishara ya mwito ya mbunifu wake, zilikuwa zinachanganya biti kwa sababu hiihii muda mrefu kabla ya M17. Baada ya kubadilisha kapasita, viwango bado vina unene fulani, lakini kati yake pako wazi, na kirekebishaji kinamaliza kilichobaki.

14 Juni. Silabi ya kwanza

PTT inaendeshwa na pini ya Raspberry Pi kupitia transista ya 2N2222 na kipingamizi cha kilo-omu 1. Kazi ya dakika chache. Shida ni kwamba M17 inaanza na milisekunde 40 tu za utangulizi, na redio hii inachukua muda zaidi kutulia baada ya kubonyezwa. Fremu ya ufunguzi inazama kwenye mtikisiko huo. Mpokeaji anaingia baadaye kwa zile biti 96, sauti inakuja, ila "habari" inafika "bari". Sasa programu inashika PTT, inangoja milisekunde 200, ndipo inatuma utangulizi. Sauti ya wakati huo inatunzwa kwenye foleni isipotee.

28 Juni. Kimara hadi Kigamboni

Jaribio la hewani. Mwenzangu ni mzee mmoja wa Kigamboni, mstaafu wa redio za melini, mwenye subira na mambo ya vijana. Nilimpelekea kompyuta yenye RTL-SDR na programu ya kusimbua, nikamfungia kwenye antena yake ya nje. Yeye anajibu kwa FM ya kawaida. Kati yetu ni kilomita 15 na ushei, na Kimara kuna mwinuko.

Kabla ya kila rusho nimesema kwa FM ya kawaida mimi ni nani na kwamba kinachofuata ni jaribio la M17. Anayepita kwenye chaneli na redio ya kawaida anasikia mchakacho tu, ni adabu ajue unatoka wapi. Kwenye taarifa za mazungumzo M17 ina nafasi ya kutangaza usimbaji wa siri. Kwangu biti hizo ni sifuri na zitabaki sifuri. Kanuni za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kifungu cha 25, haziruhusu wanaridhaa wa nchi tofauti kurushiana kwa namna ya kuficha maana.

"Shikamoo mzee, unanipata?"

"Marahaba mwanangu. Nakupata, na jina lako limeandikwa hapa. Ila sauti inapitia puani."

Inapitia puani kweli, ndiyo Codec2, na sina dawa. Nimemwomba aandike namba nitakazosoma. Zote zimefika sawa, hata zile nilizozisoma haraka.

Halafu tukaanza kuharibu makusudi. Mimi nikashuka hadi watti 5, yeye akahama kutoka antena ya nje hadi kijiti kidogo ndani ya nyumba, kisha akasogea nacho vyumba vya nyuma. Kwa kila sehemu nilirusha FM kwanza, M17 baadaye. Sebuleni FM ilikuwa na mvumo wa kelele unaochosha, M17 ilikuwa safi kana kwamba niko mlangoni. Jikoni FM ilikuwa inavumilika kwa tabu, M17 bado safi, na hapo ndipo niliposhawishika kwamba kazi yote hii ina maana. Stoo, nyuma ya matangi ya maji, mzee aliendelea kudaka ishara yangu ya mwito na neno moja moja kwa FM. M17 ilikaa kimya, skrini haikuandika chochote.

"Yako ikiugua inakufa papo hapo," akasema. "Yangu inakohoa kwanza."

Ni kweli, na mimi kwa jambo la dharura bado nitaanza na FM. Sikio lililozoea linachota neno ndani ya kelele kwa namna ambayo kirekebishaji cha makosa hakiwezi, hasa ukijua mwenzako anatarajiwa kusema nini. Ila kwa maongezi ya nusu saa, masafa yakiwa ya wastani, M17 haichoshi, na hilo kwa watu wanaokutana hewani kila jioni si dogo.

Usiku nilipitia rekodi za jikoni kwa kisimbuzi changu cha Python. Changu kinaamua kila biti kuwa 0 au 1 kabla ya kurekebisha, na kilipoteza fremu nyingi ambazo m17-demod ilizipata. M17-demod haiamui mapema: inapeleka kwa kirekebishaji kiasi cha uhakika wa kila biti, na kirekebishaji kinajua ipi ya kuitilia shaka. Kwa misimbo ya aina hii faida yake ni kama desibeli 2. Kwa mtu wa watti 5 ni kama kupewa watti 8 bure.

5 Julai. Hali ilivyo

Waya za majaribio zimehamia kwenye kibao cha kulehemu. Potensiometa imepimwa tena kwa toni ya hezi 998, ikagandishwa kwa tone la rangi ya kucha. Feraiti imefungwa kwenye kebo ya USB, kwa kuwa kwa watti 25 kadi ya sauti ilikuwa inajitoa yenyewe kwenye kompyuta.

Kinachofuata ni kuachana na kadi ya sauti. Naihamishia programu kwenye STM32, chipu ndogo ya kompyuta, iandikwe upya kwa C. Kigeuzi chake cha biti 12 kinatoa volti moja kwa moja hadi hezi 0, bila kapasita njiani, na Raspberry Pi itarudi kwenye kazi zake. Kwa bendi ya mita 40, nikitaka kufika Mwanza, M17 haifai. Mawimbi yanayorudi kutoka angani yanafika kwa njia kadhaa na kuchelewana, na alama 4,800 kwa sekunde ni fupi mno, zinapandiana. FreeDV 1600, mfumo mwingine huria wa sauti ya kidijitali, imelikwepa hilo kwa kutumia mawimbi bebaji 16 ya polepole, alama 50 kwa sekunde kila moja, pamoja na moja la kuongozea, yote ndani ya upana wa sauti ya kawaida ya SSB (namna ya kurusha sauti kwa upana mdogo). Huo ni mradi mwingine na shajara nyingine.

Mzee ameshaniagiza nimfungie na yeye seti ya kurushia. Sharti lake ni moja, swichi ya kurudi FM iwe pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta.